Premio ya 2006 au Axio ya 2015? Nisaidieni kabla ya Jumamosi

#1 Mkaazi wa Kiembeni
Salaam aleikum. Naomba rai zenu, na kucheka mcheke kidogo tu.

Nina laki saba taslimu. Nalala Kiembeni, kazi yangu iko Changamwe, mke anasomesha ng'ambo Likoni, na mama yuko Msambweni, kila mwisho wa mwezi sharti tukamwone. Kwa matatu na tuktuk tumechoka.

Nimeonyeshwa magari mawili. La kwanza Premio ya 2006, injini ya 1500, namba B. Mwenyewe ni mzee mstaafu wa Tudor, alilitoa yadi mwaka 2013 na halijabadilisha mkono tangu hapo. Anataka laki sita na themanini. La pili Axio ya 2015, nayo ya 1500, namba D, iliteremka bandarini miaka mitatu iliyopita. Kijana wa Nyali anaiuza milioni moja na laki mbili. Hiyo itabidi nichukue mkopo wa sacco, laki tano.

Moyo uko Nyali, mfuko uko Tudor. Mzee amenipa mpaka Jumamosi. Mngekuwa nyinyi?

#2 Tuktuk Mia
Sisi tungenunua tuktuk na chenji ikabaki ya biriani.

#3 Nahodha Mstaafu
Aleikum salaam. Mwanangu, kipya kinyemi ingawa kidonda. Chukua Premio. Mimi nina Corolla 110 ya 1998, nimekaa nayo tangu 2005, injini haijafunguliwa hata siku moja. Mkanda wa taimingi nabadilisha kila kilomita laki moja, oili kila elfu tano, basi. Magari ya siku hizi ukiifunga mlango vibaya taa inawaka kwenye dashibodi, unaambiwa ulete laki.

#4 BintiTudor
Ami Nahodha, na la kuvunda halina ubani. Niliwahi kununua gari la umri huo kutoka kwa mtu wa Kizingo. Rangi inang'aa, viti vimefunikwa, ndani lanukia udi. Mwezi wa nne nikapata pancha. Fundi akaweka jeki chini ya kizingiti cha mlango, akaanza kuzungusha. Gari halikupanda. Jeki ndiyo iliyopanda, ikaingia ndani kama kijiko kwenye ubwabwa. Chini kote kulikuwa kutu iliyopigwa puti na kupuliziwa rangi nyeusi. Gari lile limelala miaka kumi na mbili likitazama bahari.

Na huyu anaishi Kiembeni, chumvi haimpati sana. Lakini Premio imelala Tudor miaka yote hiyo, kreki ya bahari iko pale pale.

#5 Mzee wa Yadi
Ndiyo maana nawaambia watu waje yadini wachukue gari safi lililotoka meli. Gari la miaka karibu ishirini ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hata serikali imekataa, sheria inasema gari lisizidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Mleta uzi nitafute kwa faragha, kwa milioni na nusu nakupa kitu hujaonapo.

#6 Tuktuk Mia
Mwenye yadi amesema tununue yadini. Kesho mwenye bucha atatuambia tule nyama.

#7 Karani wa Bandari
Kumsahihisha #5 kidogo. Kiwango chenyewe ni KS 1515 cha mwaka 2000, na miaka 8 huhesabiwa tangu gari liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka, si tangu kutengenezwa. Tena yahusu gari linaloingizwa nchini. Gari lililokwisha kuwa na namba ya Kenya halina kikomo hicho, ndiyo maana 110 ya Ami bado iko barabarani kihalali.

Watu hudhani Mjapani huliuza gari kwa sababu limeharibika. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama nzito. Likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Kwa hivyo mtu huliuza likiwa zima kwa kukimbia gharama, na sisi tunalipokea hapa Kilindini tukadhani tumeokota.

#8 Mkaazi wa Kiembeni
Shukran nyote. BintiTudor umenitia baridi. Hiyo kutu mtu anaijuaje kabla ya jeki kumwambia?

#9 Fundi wa Jomvu
Nimekuja kwa vile naona mwaulizana mwaka, mwaka, mwaka. Mimi gari likiingia kwangu siulizi mwaka. Nauliza limelala wapi, nani alikuwa akilimwagia oili, na limegongwa wapi.

Kutu: chukua sumaku ndogo ya mlango wa friji, ifunge na kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe kwenye vizingiti vya milango, juu ya magurudumu ya nyuma na pembe za buti. Mahali isiposhika pana puti, si bati. Kisha nyanyua zulia la buti, toa taya la akiba, tazama sakafu. Gari lililobeba samaki utalijua hapo. Niliwahi kuletewa kigari cha mizigo kilichokuwa kikileta samaki wa barafu kutoka Shimoni, maji ya chumvi yanatiririka buti kila siku. Nilipotoa zulia niliona lami ya barabara.

Sasa Premio. Ile ya umbo hilo, 2001 mpaka 2007, ilikuja na injini tatu. Ya 1500 ni 1NZ, ya cheni badala ya mkanda wa taimingi, gia otomatiki ya hatua nne, kila kijana wa gereji hapa anaifungua macho yamefumba. Ya 1800 ni 1ZZ, zile za mwanzo zina tabia ya kula oili. Ya 2000 ni ya D-4, injekta ndani ya silinda, hiyo mtu akikupa bure mshukuru na umrudishie. Wewe yako ni 1500. Hapo uko salama.

Axio ya 2015 gia yake ni CVT, otomatiki isiyo na hatua. Si mbaya. Ni mbaya ikikutana na sisi.

#10 Kijana wa Mtwapa
Hapo kwa CVT acheni niseme. Nilinunua gari la 2014, silitaji jina wenye nalo wasije wakanifuata. Mwaka wa kwanza asali. Mwaka wa pili likaanza kutetemeka nikitoka taa za Bamburi, kama mtu mwenye homa. Baadaye nikikanyaga mafuta injini yalia, gari haliendi. Nikaambiwa gia boksi imekwisha. Iliyotumika kutoka Japani, kufunga na oili yake, laki moja na elfu kumi. Mleta uzi, Axio naipenda, lakini weka hiyo pesa pembeni kabisa.

#11 Fundi wa Jomvu
Ulimwaga oili gani ulipofanya sevisi ya gia?

#12 Kijana wa Mtwapa
Ile nyekundu. Ya gia otomatiki.

#13 Fundi wa Jomvu
Basi uliiua mwenyewe, pole. CVT haina gia, ina mkanda wa chuma unaozunguka puli mbili zinazoubana, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. Ile nyekundu inauachia uteleze. Hata Toyota kwa Toyota zatofautiana: za zamani kidogo zataka TC, za karibuni zataka FE. Premio ya huyu bwana yenyewe yataka T-IV. Kopo lasema, lakini nani asoma kopo.

#14 Dereva wa Magongo
Fundi nakuheshimu, lakini oili si yote. Mimi naendesha teksi ya simu, gari la CVT, oili naweka ile ile ya kampuni, na bado ilianza kuteleza. Kwangu ni joto na foleni. Ukiwa kwenye foleni ya feri, saa nzima, AC inafanya kazi, gari linajivuta hatua kwa hatua, kisha unapanda ile ngazi ya feri maji yakiwa kupwa, mteremko kama paa la nyumba. Gia inapikwa.

#15 Karani wa Bandari
Au gari la Mtwapa lilikuja na kilomita laki na nusu zikasomwa sitini elfu. Hapo hata ungeweka oili ya zamzamu.

#16 Nahodha Mstaafu
Au ni gari la kisasa tu. Nimesema.

#17 Kijana wa Mtwapa
Kwa hivyo sababu nne, na pesa iliyotoka ni yangu peke yangu.

#18 Hesabu ni Hesabu
Ngojeni tuweke tarakimu, mdomo hauna risiti.

Tufanye anatembea kilomita 1,200 kwa mwezi. Premio ikienda kilomita 12 kwa lita, ni lita 100. Axio ikienda 16, ni lita 75. Ameokoa lita 25, tuseme 180 lita moja, ni 4,500 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni 162,000.

Mkopo wa laki tano, miezi 36, riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa deni linalobaki, atalipa kama 16,600 kila mwezi. Riba yote inakaribia 98,000. Kwa hivyo mafuta yanalipa riba na chenji ya 64,000 inabaki.

Swali ni lile gunia la laki tano lenyewe. Axio utaliuza baadaye, hukulila lote. Lakini ukiliuza milioni moja na laki mbili hutaziona tena. Premio imeshashuka ilipotaka kushuka. Ukiinunua 680 ukaitunza, miaka mitatu mbele hutapoteza nyingi.

#19 Dereva wa Magongo
Hizo kilomita 12 ni za barabara ya Voi usiku wa manane. Mtu wa Kiembeni kwenda Changamwe apita Kongowea, daraja la Nyali, Buxton, Makupa. Gari linasimama kuliko linavyokwenda. Mpe Premio 9, Axio mpe 12.

#20 Hesabu ni Hesabu
Sawa. Lita 133 kwa 100. Tofauti lita 33, karibu 6,000 kwa mwezi. Foleni yakuongezea hoja ya Axio, hukuiondoa.

#21 Dereva wa Magongo
Sikuwa naiondoa. Nilikuwa nakusahihisha.

#22 Mwalimu wa Lamu
Jamani, #3 ameandika gari "ukiifunga mlango". Gari si "i", gari ni "li". Sema "ukilifunga" mlango.

#23 Nahodha Mstaafu
Mwalimu, hata "ukiufunga" ingekuwa sawa, nilikuwa nasema mlango. Nimeteleza kama CVT.

#24 Dada wa Bamburi
Mbona hakuna aliyetaja watu watakaokaa ndani? Huyu bwana ana mke, na nadhani na watoto.

Someni habari ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayofumuka mbele yako gari likigonga. Ilifungwa kwenye mamilioni ya magari, yakiwemo ya Toyota, Honda, Nissan na Mazda, mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea. Ndani yake mna nitrati ya amonia. Joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu, na siku ya ajali mfuko unaweza kupasua kopo lake la chuma na kukurushia vipande usoni. Magari yaliitwa yarudishwe dunia nzima, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevu, jamani. Mmenielewa niko mji gani?

Gari lililouzwa nje likaja huku halina anayelipigia simu. Chukua namba ya chesisi ya yote mawili, iingize kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, itakwambia kama limeitwa na kama lilirekebishwa. Haina malipo.

#25 BintiTudor
Hii sikuijua. Ahsante dada. Naingia kutafuta ya kwangu sasa hivi.

#26 Mpwa wa Dar
Wakuu, kwetu Bongo hakuna marufuku ya miaka minane, unaweza kuleta hata la 2003, ila unakula ushuru wa uchakavu mpaka unajuta. Kwa hiyo barabarani tuna kuukuu nyingi kuliko nyie na watu wanaishi. Chukua Premio. Spea zake kila kona.

#27 Fundi wa Jomvu
Spea ni kweli. Ukitembea barabara ya Jomo Kenyatta, duka lisilokuwa na bushi za Premio labda lauza mapazia. Lakini Mpwa, spea kuwa nyingi maana yake bandia ziwe nyingi vilevile. Boljointi ya elfu moja yakaa miezi mitatu. Mtu wa gari kuukuu hununua ya elfu moja mara nne, halafu asema gari lake rahisi.

Na gari kuukuu la pwani kuna kitu chengine. AC. Kondensa inakaa mbele ya radieta, inapigwa na upepo wa chumvi, mapezi yake yanageuka unga. Ukienda Tudor, washa AC gari likiwa limesimama, dakika kumi saa saba mchana. Mzee akikwambia "gesi tu imekwisha", jua gesi haiishi kama sukari, imetoka mahali.

#28 MamaSwabra
AC ndiyo mnayoitaja mwisho! Ningekuwa mke wake ningeitaja #1.

#29 Mzee wa Yadi
Nyote mwapiga kelele. Bima je? Ukitaka bima kubwa kwa gari la 2006, kampuni nyingi zinakataa au zinakupa masharti. Atabaki na ya mtu wa tatu, inayomlipa mwenzake tu. Akigonga tuktuk Kongowea, gari lake ni yeye na Mola wake.

#30 Tuktuk Mia
Tuktuk imefanya nini tena.

#31 Hesabu ni Hesabu
Hoja ya #29 naikubali, na sikutegemea kuandika hivyo. Bima kubwa ya Axio nayo ni gharama, sikuitia kwenye hesabu. Kwa upande wa pili Premio ikigonga ikafa, laki sita na themanini zimekwenda zote.

#32 Mkaazi wa Kiembeni
Jamaa, jana nilikwenda kuyaona yote mawili. Nilichukua sumaku na daftari, mke akachukua udi wa kuondoa mikosi. Sasa nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyokuja.

PREMIO. Mzee ni mtu wa watu, alitupa kahawa na haluwa. Odomita 148,000. Ana daftari la shule, ameandika kila oili tangu 2013, tarehe na kilomita, kwa mwandiko wa mashine. Sumaku imeshika kila mahali ila nyuma ya gurudumu la kushoto. Aliniambia mwanawe alilikwaruza kwenye ngazi ya feri. Nikavuta mikanda ya viti yote nje mpaka mwisho, nilisoma mahali kwamba ina lebo ya mwaka. Mitatu ni ya 2006. Wa nyuma kushoto ni wa 2009. AC baridi, lakini ya kawaida.

AXIO. Mpya kabisa, mashallah, ndani kama sebule. Odomita 95,400. Pembeni mwa mlango wa dereva kuna kibandiko cha Kijapani cha oili, nambari mbili: 92,000 na 97,000. Kijana alisema hajui kina maana gani. Mataya yamekwisha karibu yote.

#33 Karani wa Bandari
Kibandiko hicho ni cha gereji ya Japani. Nambari ya kwanza ni oili ilipomwagwa, ya pili ni itakapomwagwa tena. Maana yake lilipotoka kule lilikuwa limepita 92,000. Limekaa hapa miaka mitatu. Leo 95,400. Yaani kwa miaka mitatu limetembea kilomita zisizofika 3,400? Kutoka hapa kwenda Malindi na kurudi ni zaidi ya 200. Hesabu mwenyewe.

#34 BintiTudor
Wamerudisha odomita. Toka hapo mbio.

#35 Mkaazi wa Kiembeni
Nilimpigia simu. Asema yeye ni baharia, miezi tisa yuko melini kila mwaka, gari linabaki limefunikwa turubali nyumbani.

#36 Nahodha Mstaafu
Hilo naliamini. Nimekuwa baharini miaka thelathini. Ukirudi, gari lako limezaa panya.

#37 Fundi wa Jomvu
Baharia au si baharia, ni hasara kwa upande wowote. Kama kilomita zimerudishwa, umedanganywa. Kama ni kweli, gari limesimama miaka mitatu Nyali, karibu na bahari, chini ya turubali. Turubali ladaka unyevu, chini yake kutu inakula kimya. Diski za breki, kalipa, soketi za umeme. Gari linalotembea hukauka. Lililosimama huchemka kwa chumvi yake.

Mataya hebu nisomee. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka.

#38 Mkaazi wa Kiembeni
Yote manne yameandikwa 1421.

#39 Dereva wa Magongo
Wiki ya 14, mwaka 2021. Basi hayo ni mataya yaliyokuja nalo kutoka Japani. Na kilomita 3,400 hazimalizi taya. Odomita imerudishwa, kesi imefungwa.

#40 Karani wa Bandari
Bado haijafungwa. Yamefungwa 2021, gari limeletwa mwaka mmoja na kitu baadaye. Mjapani angeweza kuyala huko huko. Akiwa mtu wa masafa, mwaka mmoja watosha.

#41 Dereva wa Magongo
Wewe kila kitu "bado".

#42 Kijana wa Mtwapa
Mwambie akupe karatasi ya mnada. Kila gari lililopita mnada Japani lina karatasi yenye kilomita, alama ya hali, na ramani ya mikwaruzo. Likiandikwa R, limegongwa na kutengenezwa. Akiwa hana, namba ya chesisi hutumika kuitafuta kwa kulipia kidogo. Ningeijua mimi wakati wangu.

#43 Dada wa Bamburi
Na Premio tusiisahau. Mkanda wa 2009 kwenye gari la 2006 hauji wenyewe. Pembe ile ile ambayo sumaku haishiki! Huenda iligongwa kabla ya kuja Kenya, wakabadilisha na kiti. Hii "ngazi ya feri" ya mtoto wa mzee siielewi vizuri.

#44 Nahodha Mstaafu
Au mbwa alitafuna mkanda.

#45 Dada wa Bamburi
Ami!

#46 Fundi wa Jomvu
Laweza kuwa lilimwagika maji pia. Ulipovuta mkanda mpaka mwisho, uliona mstari wa matope au ladha ya ukungu? Gari lililozama katika mvua za mwezi wa tano hapa mjini, watu husafisha viti na mazulia, mkanda ndani ya roli yake wanausahau.

#47 Mkaazi wa Kiembeni
Sikuulamba, Fundi. Lakini ulikuwa safi, safi kuliko mingine.

#48 Fundi wa Jomvu
Basi ni mgongano wa zamani, na kama chesisi haikupinda hauna neno. Hilo nitakuambia nikililalia chini, si kwa simu.

#49 Mwalimu wa Lamu
Mimi nimevutiwa na daftari la mzee. Mtu anayeandika kila oili kwa miaka kumi na mbili anaandika na mengine. Muulize ukurasa wa ngazi ya feri uko wapi. Kama mwanawe kweli alilikwaruza, tarehe itakuwapo na bei ya mpuliza rangi.

#50 Tuktuk Mia
Mwalimu leo umesema neno la maana kuliko sarufi yako yote.

#51 Mkaazi wa Kiembeni
Nimempigia mzee. Amecheka, akasema ngoja. Nikasikia akigeuza kurasa. Agosti 2016, "ubavu wa kushoto, rangi na puti, 9,500". Sababu hakuandika. Aliniambia alikuwa amekasirika siku ile.

#52 Hesabu ni Hesabu
Hiyo inaeleza puti. Haielezi mkanda wa 2009.

#53 MamaSwabra
Nunua Premio ujue mwenye daftari. Lakini AC "baridi ya kawaida" ni nini? Baridi au si baridi?

#54 Mzee wa Yadi
Nimesoma mpaka hapa. Mleta uzi, ofa yangu bado ipo, sasa milioni moja na laki nne.

#55 Fundi wa Jomvu
Kiembeni, fanya hivi. Jumamosi tukutane kwa mzee Tudor mapema, kabla jua halijapanda. Mwambie mzee asiliwashe kabla sijafika, nataka kuisikia injini ikiamka baridi. Ikitoa moshi wa buluu tutajua yala oili, gia ikichelewa kushika D tutajua. Kisha tulilete kwangu nililalie chini. Mafuta ya kuja Jomvu weka wewe, na uje naye mzee na daftari lake. Axio baadaye, baharia akikubali kukupa namba ya chesisi. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Na pesa ya mzee usiitoe njiani.

#56 Mkaazi wa Kiembeni
Inshallah Jumamosi. Baharia kanitumia namba ya chesisi saa hii hii, bila maneno. Sasa sijui niogope au nifurahi.

#57 Bahati ya Mikindani
Salaam wakuu, nimeingia sasa hivi, mada nzuri. CVT ndiyo nini?

#58 Kijana wa Mtwapa
Laki moja na elfu kumi.